Simu Aliyoipokea Binti Yangu

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa nne, mwanangu, miaka ile tulipokuwa tunaishi mtaa wa Black Rock, mjini Buffalo, hapa Marekani, na goti langu likiwa bado bichi kwa upasuaji. Rundo la maboksi lilikuwa limeniangukia ghalani nilikofanya kazi. Miezi mitatu nilikaa sebuleni nikiletewa uji na watu wa kanisa, na mimi, usinicheke, nilichoka kuombewa.

Kabla ya kuumia, mfanyakazi mwenzangu alikuwa amenifundisha kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni. Hatukwenda kwenye viwanja vyenye mashine za kukuvuta. Tulipanda wenyewe vilima vya msituni, kusini mwa mji, kisha tukateremka. Mimi niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye vumbi jekundu, nilijiona kijana kuliko vijana. Asubuhi hiyo niliona jua kali, nikajua theluji ya mwisho inayeyuka. Daktari alishanikataza mpaka kiangazi. Nikamwambia mke wangu naenda kliniki kunyoosha goti. Magongo niliondoka nayo, nikayaacha garini.

Kupanda kulikwenda vizuri. Wakati wa kuteremka, theluji iliyolowa ilinasa ubao mmoja, goti likaalika, nikaanguka. Mguu haukunitii tena. Simu haikuwa na mtandao. Niliogopa, sikufichi. Nikavua zile mbao, nikaanza kujiburuta kwa makalio, nguo zimelowa chepechepe, mpaka jua likapita utosi na kuanza kushuka.

Barabarani nilimkuta polisi kando ya gari langu. Alikuwa ameona magongo ndani na alama zinazoingia msituni bila kutoka, akapata simu yetu kwa namba za gari, akapiga nyumbani. Alitaka kunipeleka hospitali, nikamsihi anifikishe nyumbani kwanza. Nilidhani mabaya yamekwisha.

Sebule ilikuwa imejaa watu. Baba mkubwa alikuwa ametoka mji wa mbali, Louisville, akampitia shangazi njiani, Columbus, wakaja kumjulia hali mgonjwa bila taarifa, kama tulivyozoea. Wakakuta kitanda kitupu. Watu wa kanisa walikuwa wanaimba nyimbo zile tunazoimba msibani. Mke wangu aliponiona alikaa sakafuni. Nilishtuka mpaka nikasahau kwamba nina goti.

Lakini lililonimaliza sijakwambia. Simu ya polisi ilipokelewa na binti yangu wa miaka tisa, maana ndiye aliyekuwa mkalimani wetu wa barua, bili na madaktari. Kliniki nako alipiga yeye, akaambiwa sikuonekana. Ni yeye aliyemgeukia mama yake, mbele ya wageni wote, akamwambia gari limeonekana, baba haonekani.

Nilimwita, hakuja. Alisimama mlangoni akasema, "Nilimwambia polisi arudie mara tatu. Sikutaka kumwambia mama."

Baba mkubwa hakufoka. Alinitazama tu, kisha akasema, "Kambini hata ukienda kutafuta kuni uliaga. Huku umejifunza kuaga kwa uongo. Mguu wako utapona. Huyu mtoto utampeleka kliniki gani?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, ukitoka sema kweli unakokwenda, hata kama utakatazwa, hata kama utachekwa. Mimi nilikwepa kukatazwa na mke wangu, mzigo ukamwangukia mtoto. Binti yangu sasa yuko chuo, anaongea na maprofesa bila woga. Lakini akiwa hapa nyumbani, simu ikiita kwa namba asiyoijua, hunisogezea mimi nipokee. Nami napokea, kwa Kiingereza changu hikihiki cha ghalani.

Mungu akulinde uendako na akurudishe mzima. Na wanaokungoja wasipewe habari zako na mtu wasiyemjua.