Mama Kalamu wa Mabatini Aliyemkuta Mwanawe Mkuyuni

Saa moja na nusu asubuhi, Mkuyuni. Uji bado unatokota, na Dorotea Mayala, aliyerudi kuhakiki hesabu, amechuchumaa uani kwa Mama Rebeka mbele ya beseni, anageuza vikombe kimoja kimoja. Hiki kimefungwa uzi mwekundu. Hiki kimekwaruzwa herufi kwa msumari. Hiki mkono wake umekatika.

"Tisa," anasema, anaandika. Ndipo anainua macho kuwatazama watoto mkekani. Nao ni tisa.

"Mama Kalamu, leo umeridhika?" anauliza Mama Rebeka, mikono kiunoni.

"Nimeridhika. Leo hujaazima mtu."

"Utanisema mpaka lini wewe?"

"Mpaka fomu ziishe!"

Wanacheka wote wawili, lakini mwezi uliopita hapakuwa na kicheko.

Dorotea, miaka 29, ni mdadisi wa takwimu. Anapita na fomu akiuliza ni wapi watoto wadogo wanalelewa mama zao wakiwa kazini, ni wangapi, wanakula nini, nani anawaangalia. Hapa Mwanza swali hilo lina uzito. Viwanda vimepunguza watu, biashara zimefunguliwa, na akina mama waliokuwa nyumbani sasa wako kwenye mitumba, kwenye dagaa, kwenye viwanda vya samaki. Watoto wanabaki kwenye ua wa mtu.

Yeye mwenyewe alipunguzwa kiwanda cha nyuzi mwaka 1994, baada ya miaka saba. Mumewe yuko machimboni Geita. "Nilikaanga vitumbua," anasema. "Siku nzuri nabaki na mia nane. Hii kazi ni ya miezi mitatu tu, lakini posho ni elfu mbili kwa siku. Nilipoipata niliruka kama mtoto."

Mwanawe Kashindye, miaka mitatu, alimwacha kwa Bi Hadiya, Mabatini, shilingi mia kwa siku pamoja na uji. Bila Bi Hadiya hakuna kazi. Hilo Dorotea alilijua vizuri.

Basi wiki ya kwanza ukazuka uvumi. Eti mwenye watoto thelathini ataletewa maziwa ya unga na magodoro. "Sijui nani aliutoa," anasema Dorotea. "Fomu yangu haina hata neno godoro."

Jumanne moja, saa nne, akafika hapa kwa Mama Rebeka. Akakuta watoto wamebanana mkekani kama dagaa kichanjani. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Alipofika kumi na tisa, kitoto cha nyuma kikasimama: "Mama!"

Watoto wa mahali pale humwita kila mwanamke mama. "Ndiyo mwanangu, kaa," akajibu, akaendelea hadi thelathini na moja. Kitoto kikamvuta khanga. Akatazama chini.

Alikuwa Kashindye.

"Nilimwacha Mabatini asubuhi ile ile," anasema.

Akajikaza. "Mama Rebeka, huyu wa nani?"

"Huyo? Wa hapa hapa. Mama yake anauza nyanya."

"Nyanya?"

"Ndiyo, mwanamke mchapakazi kweli."

"Mwanamke mwenyewe ndiye mimi."

Mama Rebeka akakaa chini bila kuangalia kama pana kigoda.

Ukweli ukatoka. Wake walikuwa tisa. Wanane ni wa majirani. Kumi na wanne wameazimwa kwa Bi Hadiya, wamesombwa kwa mkokoteni, safari mbili, kwenye barabara inayopita malori. Alhamisi, zamu ya Bi Hadiya kuhesabiwa, naye angeazimishwa watoto.

"Mama, tumepanda gari!" Kashindye akasimulia, furaha tupu.

Mama mwenzangu, akina mama wengine kumi na watatu walikuwa sokoni siku hiyo, roho zimetulia. Mmoja wa watoto wale angeanguka chini ya lori, mama yake angekimbilia ua gani? Mwanao saa hii yuko wapi? Usiseme unajua. Nenda katazame.

Dorotea angeweza kuandika thelathini na moja akanyamaza. Akisema, Bi Hadiya atamfukuzia mtoto, na kazi imekwisha. Akafuta. Akaandika tisa. Kisha wakawaachia majirani wale tisa, na yeye na Mama Rebeka wakawapanga wale kumi na wanne, wakawarudisha kwa miguu hadi Mabatini, wanaimba njia nzima.

Dorotea akatangulia mlangoni. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Si ulisema Alhamisi?"

"Watoto wako wapi?"

"Wamelala."

Wimbo ukasikika kwenye kona.

"Bibi, wanalala huku wanaimba?"

Bi Hadiya akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilipokwisha, machozi yakabaki. "Nilitaka wapate maziwa, mwanangu. Nimekosa."

"Nitaandika kumi na wanne, Bibi. Na jioni nitawaambia mama zao. Ukinikataa, sawa."

Bi Hadiya akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Waambie," akasema. "Mimi nitakuwa nimesimama hapa hapa. Na huyu wako mlete kesho." Halafu akamvuta karibu. "Ukitaka ukweli kwa wengine, hesabu vikombe. Mtoto wa kuazima haji na kikombe chake."

Akina mama wawili waliwahamisha watoto wao. Wengine walifoka, kisha wakabaki. Tangu siku hiyo, sharti la ua ule ni moja: mtoto hatoki mlangoni, hata kwenda dukani, kabla mama yake hajaambiwa.

Dorotea ameshamaliza nyua ishirini na mbili. Nne zilikuwa zimeazima. Zimebaki wiki mbili, atavuka kwa kivuko kwenda Busisi, kisha mkataba unaisha. Hana huzuni. Ameshanunua bati sita. Atajenga banda kwa Bi Hadiya, walee pamoja.

Wanabishania ukuta tu.

"Nataka usizidi kiuno," anasema Dorotea. "Mama akipita na beseni lake kichwani, amwone wake bila kupiga hodi."

"Na vibaka?" anauliza Bi Hadiya.

"Wataiba nini, Bibi? Uji?"