Dunia Hii Haiuzishwi

Nusu ya kuta za mtaa wa Nyakasanza zimepita mikononi mwa Anastasie. Ukiona herufi nene nyekundu, zimeegemea kidogo kulia, PARCELLE HII HAIUZISHWI, yaani kiwanja hiki hakiuzwi, ujue ni mkono wake. Hapa Bunia ndivyo tunavyolinda nyumba zetu: ndugu mmoja akisafiri tu, mwingine analeta mnunuzi mlangoni, basi mwenye kiwanja anawahi kumwita Anastasie na rangi zake.

Kazi hiyo alifundishwa na mume wake, Gustave, kabla Gustave hajauawa shambani kule Djugu na bomu lililoangushwa na ndege ndogo isiyo na rubani. Mpaka leo hakuna aliyekuja kusema ilikuwa ya nani. Anastasie alizika, akakimbilia mjini, akapanga chumba katika nyumba ya Kule, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, akaendelea kuchora. Hasira hakuizika.

Asubuhi moja redio ilieleza kwamba wataalamu huko ng'ambo wana saa ya mfano. Mishale yake ikifika usiku wa manane, maana yake binadamu tumejimaliza kwa mabomu na mashine zetu wenyewe. Na wameisogeza tena mbele. Anastasie alicheka kwa uchungu. Saa! Mjini hapa harusi ya saa nne inaanza saa nane, nani ataogopa saa? Akatoka na makopo yake. Kwenye ukuta wa nyumba ya Kule unaotazama barabara alichora dunia, kubwa kama sinia la harusi, juu yake kandege keusi, na juu kabisa akaandika: DUNIA HII HAIUZISHWI.

Watu walisoma kama walivyozoea kusoma. Kabla jua halijawa kali, mtaa mzima ulishajua kwamba kiwanja cha Kule kina kesi. Mpangaji aliyekuwa anahamia chumba cha mbele akaghairi, akarudisha godoro lake kwao. Kule akafika kwa pikipiki, jasho linamtoka, ndoo ya chokaa na brashi mkononi.

"Mama Anastasie, batu banasema ninanyanganywa parcelle! Futa ile kitu. Ao utoke mu nyumba yangu leo."

"Sitafuta, papa."

"Nani iko nauzisha dunia? Balikuya kukuuliza weye?"

"Habakuniuliza. Bale benye kutengeneza kandege ya kuua, bale benye kutengeneza mashini zenye hata beye benyewe banaogopa, habakuniuliza. Habakumuuliza Gustave. Njo maana nimeandika."

Kule, ambaye hakuzoea kujibiwa na mpangaji, alichovya brashi. Anastasie akaenda akasimama mbele ya mchoro, mgongo ukutani, mikono ameitanua. Mungu hakumnyima mwili. Dunia yote ilipotelea nyuma yake.

"Anza na miye," akasema.

Naye Kule akaanza kweli, maana ukaidi haukuwa wa mtu mmoja pale. Akafunika maneno, akafunika kandege, akapaka kulia, akapaka kushoto, akishuka mpaka chini. Chokaa ikamrukia Anastasie kwenye kitenge, kwenye nywele, usoni. Hakupepesa jicho. Watu waliojaa barabarani walikuwa wakicheka, lakini kicheko kikapungua, kikaisha.

Ukuta ulipokuwa mweupe wote, Anastasie akajitoa. Pale alipokuwa amesimama pakabaki umbo la mama mnene, mikono imenyooka huku na huku, na kifuani mwake dunia nzima, bluu na kijani, bila doa.

Kule alitazama brashi, akatazama ukuta. Moyo ulimsuta, ilionekana wazi. Aliirudisha brashi ndani ya ndoo polepole.

"Bakia mu nyumba," akasema mwishowe. "Lakini usiandike tena kitu."

"Aksanti, papa," Anastasie akajibu kwa heshima zote.

Hata kabla pikipiki haijawaka, alikuwa ameshafungua kopo la rangi nyekundu.