Asiyesikia Akae Nyumbani

Makuruta wa chuo cha polisi walimpachika mama mmoja mfagizi jina la Marehemu, naye akaliitikia. Kazi yake hasa ilikuwa kufagia madarasa na kupiga deki. Lakini siku za mazoezi ya kufyatua risasi, mkufunzi alimtaka aweke ufagio chini, avae ovaroli, awe mhalifu. Alitoka kwenye kibanda cha mbao kilichojengwa uwanjani, akachapwa risasi za rangi, akaanguka, watu wakacheka, akainuka kurudi kwenye ndoo yake. Alikufa hivyo miaka minne bila kinyongo, kwa kuwa alipenda utani na aliamini anawasaidia vijana kujifunza kazi.

Kilichomtoa kwenye utani ni somo la amri. Kuruta alitakiwa kupaza sauti mara mbili, "Simama, mikono juu," na mtu asipotii, afyatue. Hakuulizwa mtu yule ameshika nini wala kwa nini hakugeuka. Na Marehemu alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, fundi baiskeli, kijana mcheshi asiyekosa kazi, kiziwi tangu utotoni. Aliposikia kwamba makuruta wa mwaka huo watapangiwa doria mtaani kwake, usingizi ulimpaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi zoezi lililofuata alitoka kibandani ameshika spana ya mwanawe, akawapa makuruta mgongo, akatembea taratibu kama mtu anayetoka kazini. Wakapaza sauti. Hakugeuka. Wakapaza tena, kisha risasi za rangi zikamchapa mgongoni, nazo zinauma kweli. Safari hii hakuanguka.

Mkufunzi alimpongeza kuruta aliyempiga: ameamuru, hakutiiwa, amefyatua, hana kosa. Ndipo Marehemu akamwendea, rangi nyekundu ikimchuruzika hadi kiunoni.

"Afande, mwanangu ni kiziwi. Mtu mliyempiga sasa hivi hakukaidi. Hakusikia."

Kuruta mmoja alisema maiti haijibu, wenzake wakaangua kicheko. Mama hakuwajali. Alimweleza mkufunzi, kwa adabu zote, kwamba kuruta angeweza kujikinga kwanza, akatazama mikono ya mtu, akazunguka mahali anapoonekana, akapunga mkono. Mkufunzi akamjibu kuwa askari anayesitasita huzikwa. Ni kweli, na hakuna mwenye akili anayetaka askari azikwe. Lakini kuruta yule alikuwa nyuma ya mifuko ya mchanga, na mtu aliyepigwa alikuwa anakwenda zake. Kama huo ndio ujasiri, basi uoga hauna maana tena.

"Asiyesikia akae nyumbani, mama," mkufunzi alimaliza, akifunga kifuniko cha chupa yake ya maji.

Alikuwa na masikio mawili mazima, akayatia pamba yote mawili. Kesho yake uwanjani palisimamishwa sanamu la mbao, lisilozaa wala kuuliza, na mama akaambiwa abaki na deki yake. Makuruta wakahitimu kwa bendi na gwaride.

Jioni ya gwaride mama alimketisha mwanawe, akaanza kumfundisha kwa ishara zao za nyumbani. Aibu iliyoje: mwenye bunduki amesamehewa somo, na fundi baiskeli asiyemkanyaga hata sisimizi ndiye anayelazimishwa kulisoma. Ukiona sare, dondosha ulichoshika. Usikimbie. Usitie mkono mfukoni. Inua mikono, tanua vidole. Mama aliingia mlangoni akijifanya askari, akatoka, akaingia tena. Mwanzo kijana alicheka sana, maana mama yake hakuwa na umbo la askari. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka, akafanya kila kitu sawasawa.

Walipomaliza, akamgusa mama yake begani. Akajielekezea kidole mgongoni, akainua nyusi: na wakitokea nyuma?