Mwenzangu Anaamini Yeye Ni Mjinga, Kumbe Mbaya Wake Ni Mimi

Admini, nifiche vizuri. Uvira ni ndogo, na patron wangu, bosi wa kazini, naye yumo humu anasoma visa vya watu.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, naishi na mama. Natengeneza programu za kompyuta kwenye kiofisi kimoja hapa Kimanga. Programu yetu inatumiwa na maduka ya dawa: inawaonyesha dawa gani imebaki na ipi inakaribia kupitwa na muda. Sitawadanganya, kazi ina utamu wake. Nakaa kivulini, feni inazunguka umeme ukiwepo, na mtaani wananiita Ingénieur, yaani injinia. Mama akilisikia hilo jina anatembea kifua mbele. Na siku kitu ulichoandika mwenyewe kinapokubali, unacheka peke yako kama kichaa.

Lakini sikilizeni nilivyoingia. Nilikuja kama mwanafunzi wa staji, kujifunza kazi tu. Aliyenifundisha ni kaka mmoja mwenye roho nzuri, hakunificha kitu. Nilipoijua kazi yote, patron alimpa mkono, akamshukuru, akamwambia Jumatatu asirudi. Nikakalishwa kwenye kiti chake, koti lake likiwa bado linaning'inia mgongoni mwa kiti. Siku hiyo niliapa kwamba mimi sitaondolewa hivyo.

Nikaiandika upya programu karibu yote, na kila sehemu nikaipa jina la mbuzi wa bibi yangu wa Katogota, wale niliowachunga nikiwa mdogo. Kawaida unaweka jina linaloeleweka, na maelezo pembeni, ili mwenzako ajue hapa tunahesabu dawa, hapa tunatoa risiti. Mimi maelezo niliyafuta. Sehemu ya kuhesabu dawa ina jina la beberu mmoja aliyevunjika pembe. Wale mbuzi tuliwajua mimi na bibi tu, na bibi ameshafariki.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nimo ndani. Sina likizo, maana programu ikikwama hakuna mwingine wa kuirekebisha. Hata tulipomzika shangazi kule Runingu nilipigiwa simu, nikawaacha wenzangu kaburini, nikaenda kutafuta rezo, mtandao wa simu, katikati ya mihogo, huku nalia huku narekebisha. Patron anawaambia watu kwamba bila mimi ofisi inafungwa. Anadhani ni kipaji.

Miezi mitatu iliyopita alimleta Amani, baba wa watoto wawili, nimfundishe. Maana yake niliijua siku ile ile. Amani ana akili kunishinda, hilo naliona wazi, lakini kila anachogusa kinaharibika kwa sababu hajui ni mbuzi yupi kamshika mkia. Akiniuliza, namjibu nusu. Patron anamgombeza mbele za wateja. Juzi aliniambia, Amani akiwa pale pale anasikia: "Jumamosi namurudisha kwake. Hii kazi weye njo unaiweza."

Jana mchana Amani akaja mezani kwangu. Nilidhani amegundua. Akasema polepole: "Dada, unisamehe. Weye unanifundisha muzuri, ni minye niko na kichwa nzito. Uniombee kwa patron, anipe hata mwezi moja."

Nilishindwa kumtazama usoni. Nikamwambia sawa, nitaongea naye. Akanishukuru, akaniombea baraka kwa Mungu, akarudi kwenye kiti chake.

Nikimpa Amani majina ya wale mbuzi na maana zake, mwezi ujao mimi ndiye nitakuwa nyumbani, na mama hana mwingine wa kumtegemea. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anarudi kwa watoto wake akiamini kwamba ni mjinga, nami nabaki kwenye kile kiti hadi nizeeke, sifukuziki na siondoki. Nimechoka, ndugu zangu, na naona aibu.

Patron nimeshamwomba dakika tano, amesema niingie kesho asubuhi. Nishaurini: nikikaa mbele yake, kuhusu Amani nimwambie nini?