Muhuri wa Barolo

Nina miaka sitini na nane, na bado nikiikumbuka suruali yangu ile ya kijivu najifunika uso kwa kofia, kwa hiyo chekeni mapema mmalize.

Kosa la kwanza lilikuwa langu peke yangu. Sokoni Zhongda, mbele ya wateja, nilipunga kitenge hewani nikimpigia kelele Laoban Lin, mwenye duka, "Jia! Jia!" (yaani feki, neno la kwanza analojifunza kila mfanyabiashara anayefika Guangzhou), kumbe kitenge kilikuwa sawasawa, macho yangu ndiyo yaliyotaka miwani. Miaka kumi na mitano ananiuzia vitambaa, siku hiyo akaapa hataniuzia tena hata mita moja.

Mama Furaha, Mkongomani ninayepakia naye kontena, akanishauri, "Papa, mwombe radhi na Barolo, ule mvinyo mwekundu wa Italia. Lin anaupenda, lakini uwe wa hukohuko kabisa, si wa kuigiza."

Nikanunua chupa. Ndani ya teksi nikaona shingoni kakaratasi kenye namba, nikajua ni bei hiyo, na mtu mstaarabu hatoi zawadi yenye bei, basi nikakabandua kwa kucha, taratibu, huku nikimshukuru marehemu mama kwa malezi mema.

Mgahawani, ukoo mzima wa Lin umeketi, na Mama Furaha nimekuja naye. Nikaomba radhi vizuri, hata mama yake akaitikia kwa kichwa. Lin akapokea chupa kwa mikono miwili, akatazama shingo, akaizungusha, akatazama tena.

"Baba," akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "muhuri wa Italia wapi? Hii... jia?"

Mungu wangu! Kumbe kale kakaratasi kalikuwa muhuri, si bei! Nimekuja kuomba radhi kwa neno hilohilo! Nikajisachi mifuko, nikamwaga funguo, leso, dawa za presha, kisha nikapiga magoti nikaingia chini ya meza (sijui nilidhani muhuri ungefikaje huko), makalio yakabaki nje yakiwaelekea wazee wa watu.

Mama yake Lin akapiga ukelele, akaninyooshea kidole nyuma. Mama Furaha akadakia, "Papa, usikae! Usikae kabisa! Uko nao matakoni!"

Kweli, nilikuwa nimeukalia tangu kwenye teksi, ukanata kwenye ile suruali ya kijivu. Lin akaubandua, akausoma, akaubandika kwenye paji la uso wangu.

"Sasa Baba si jia!"

Meza nzima ikavunjika mbavu, na chupa ikafunguliwa.

Kesho yake nilirudi Zhongda nikaomba radhi tena mbele ya wateja, maana aibu ya chini ya meza niliichuma mwenyewe, lakini ile ya sokoni nilimvisha asiye na hatia. Siku hizi navaa miwani kwanza, ndipo nafungua mdomo, na zawadi naitoa kama ilivyotoka dukani, hata karatasi ya bei ikiwa kubwa kama kiganja.