Wingu la Stroberi Matangani

Naandika haya kabla mtu mwingine wa Khayega hajawasimulia. Tulikuwa tukimzika mjomba, kaka yake mama, aliyekufa kwa mapafu baada ya miaka mingi ya sigara. Nilipangiwa kusimama mbele ya waombolezaji nishuhudie kwamba kikohozi chake ndicho kilichoniachisha kuvuta.

Sigara niliacha kweli, ila nilihamia ile ya umeme, ndogo kama kalamu. Na wiki hiyo nilikuwa nimeibadilisha kwa kubwa, yenye betri mbili na tangi la maji ya stroberi.

Woga wa kuhutubia ulinipeleka chooni, mtu mzima mimi. Nikavuta kwa nguvu, kama nilivyozoea ile ndogo. Wingu likajaa choo kizima, likatokea juu ya mabati.

"Choo kinaungua, na kuna mtu ndani," mwanamke mmoja akasema nje.

Wakaung'oa mlango. Mama alikuwa mbele na beseni la maji, waombolezaji nyuma yake. Alinusa, akaitazama mashine mkononi mwangu, akaweka beseni chini polepole.

"Toka, baba," akaniambia. "Wameshakuita utoe ushuhuda."