Nyutroni Isiyo na Mwenzake

Kazi yake ilikuwa kutabiri vifo, lakini usimwogope mama wa watu: vifo vyenyewe ni vya viini vya atomi. Viini vizito havitulii. Kimoja hutema kipande chake na kugeuka kitu kingine, na hakuna ajuaye ni kipi wala saa ngapi. Ila vikiwa vingi, unaweza kukadiria muda utakaopita hadi nusu yake viwe vimevunjika. Muda huo ndio nusu-maisha, na yeye aliutafuta kwa kompyuta, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye feni inayolalamika kuliko wafanyakazi wote.

Hesabu yake moja ndiyo iliyomnyang'anya mume. Alitabiri kwamba kiini fulani, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitengeneza, kingeishi karibu saa moja. Mumewe, mkemia, alifurahi kama mtoto. Saa moja ilimtosha kukiosha kwa tindikali, kukikausha juu ya kisahani cha chuma na kukipima kikivunjika. Akaenda kwenye maabara ya mbali yenye mashine ya kukitengeneza, eti kwa mwaka mmoja tu. Huu ulikuwa wa nne, na kiini hakijaonekana. Koti lake la kazi lilibaki msumarini nyuma ya mlango, na mkewe, mtu mzima na shahada zake, alikuwa bado analinusa kila anapofagia.

Alimtamani, tusizungushe maneno. Alitamani kikohozi chake bafuni, ubishi wake juu ya chumvi, hata ile miguu yake ya baridi kitandani.

Asubuhi moja akairudia hesabu, na safari hii zikatoka sekunde chache. Sekunde chache! Kiini kingekufa kabla tindikali haijamiminwa. Basi kungoja kote kule ni bure, mradi ungefungwa, na mtu wake angerudi. Akashika simu, akaiweka. Alijijua.

Ofisini kwao anayehakiki haambiwi jibu analolitaka mwenzake. Kwa hiyo akampa kazi ile jirani yake wa meza, bwana mmoja wa taratibu waliyembandika jina Kinyonga, na hakumdokezea chochote. Siku zile alipanga kabati upya, akaacha upande mmoja wazi.

Kinyonga alipomaliza alivuta kiti karibu.

"Dada, umeisahau nyutroni moja."

"Ipi tena?"

"Hii ya mwisho ndani ya kiini. Zingine zote ziko mbili mbili, hii iko peke yake. Unajua mwenyewe isiyo na mwenzake inavyochelewesha kiini kuvunjika. Ukiitia kwenye hesabu, tunarudi palepale. Saa moja."

Alijua sana. Kila mwaka aliwafokea wanafunzi kwa kosa hilohilo. Kati ya watu wote duniani, yeye ndiye wa kuisahau nyutroni iliyoachwa peke yake! Na sababu aliijua pia: hakuwa akitafuta nusu-maisha, alikuwa akitafuta mume. Aliona haya, akamshukuru Kinyonga, akaenda chooni kunawa uso.

Jioni, nyumbani, akapiga simu.

"Mume wangu, ile hesabu tumeihakiki upya."

"Ehe." Sauti ya mumewe ilikuwa imechoka. Halafu, taratibu, akasema, "Niambie ni mbovu, mke wangu. Useme tu ni mbovu, nirudi zangu nyumbani. Neno lako wakubwa wa huku wataliamini."

Hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Akalitazama koti. Neno moja tu, na lingeshuka msumarini.

"Iko sawa," alisema. "Ni saa moja. Kipo, hakijaja tu."



"Haya," mumewe akasema. "Basi naendelea."

"Endelea. Nimekukumbuka mpaka naumwa."

Akaanza kulia, na mumewe hakukata simu.